Kipimo Nilichotembeza Ringwani

Mnisikilize, lakini msicheke kabla sijamaliza, maana aibu niliyoipata Ringwani mbele ya shangazi zangu wote, mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso.

Ilikuwa kipindi kile cha korona, na kule Genkuru rashi, zile mbio za watu kufuata dhahabu, ilikuwa imepamba moto, watu wametoka kila kona mpaka ng'ambo huko Kenya, na mimi nilikuwa kwenye mashine ya karasha nasaga mawe kutwa nzima, vumbi hadi kwenye kope. Kule kila mtu anakohoa, usipokohoa watu wanajiuliza kama unafanya kazi kweli. Kwa hiyo kifua kiliponibana nikasema ni vumbi, ila msimamizi akatupeleka zahanati, nesi akanichokonoa pua kwa kijiti cha kipimo cha haraka (machozi yalinitoka, sifichi, mwanaume mzima), halafu akachukua kijiti cha pili, akakitia kwenye kichupa, akasema hicho kinaenda maabara mjini.

Baada ya robo saa kile kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja. Mmoja maana yake huna, miwili unao. Nikaruka juu!

"Tulia kwanza, kaka," nesi akaniambia. "Hiki kikisema unao, mara nyingi unao kweli. Kikisema huna, usikiamini sana, hasa wewe unayekohoa. Virusi vikiwa vichache hakivioni, maabara ndiyo inaviona. Subiri siku moja mbili, kaa ndani, na wazee usiwasogelee."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na alipogeuka nikakidokoa kile kipimo mezani, nikakitia mfukoni (najua, najua).

Sasa sababu ilikuwa bibi. Bibi Ghati, mama yake baba, ndiye aliyenilea tangu nabebwa mgongoni, na alikuwa ametoka kuugua pumu vibaya, kwa hiyo kesho yake nyumbani Ringwani kulikuwa na maombi ya shukrani. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume kwa utani, na alikuwa ametuma salamu: "Mwambieni Mwita asipokuja naolewa kwingine." Niambieni, ningekaaje ndani?

Langoni nikamkuta shangazi Bhoke na ndoo ya maji na sabuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, ila ishia hapo hapo. Umetoka mashimoni na unakohoa."

Basi mimi huyo, nikachomoa kipimo na kukiinua juu. "Mstari mmoja! Someni wenyewe!" Jamani, kikapita mkono kwa mkono, shangazi, wajomba, mpaka mchungaji akavaa miwani akakigeuza geuza, akasema kweli ni mmoja, Mungu ni mwema, nikapitishwa mpaka kwa bibi kama bwana harusi. Na desturi ya boma letu mnaijua, mume akirudi safari wanakunywa uji wa wimbi kwa kibuyu kimoja, yeye anaanza, mke anamalizia. Nikanywa. Bibi naye akanywa mpaka akakipindua, akacheka, vigelegele vikapigwa.

Hapo ndipo simu ikaita. Simu yangu vumbi lilishaiua sikio, ilikuwa inasikika kwa spika tu, nami nikapokea kwa kujidai.

"Mwita? Majibu ya maabara yametoka. Unao. Uko ndani kama nilivyokuambia?"

Wote waliokishika kile kipimo wakakumbuka kilikotoka, wakaanza kugombania ile ndoo ya sabuni, mchungaji akiwa wa kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi peke yake hakunyanyuka, akaisogelea simu akajibu, "Yuko ndani, mwanangu. Ndani ya boma langu."

Nikafungiwa banda la ndama. Aibu ilinikaa siku tatu tu, baada ya hapo ikawa hofu, kwa sababu siku ya nne nilimsikia bibi anakohoa kutoka nyumbani kwake. Wakamkimbiza hospitali, na baada ya muda shangazi Bhoke akanipigia kwa furaha: "Mstari mmoja! Tunarudi naye."

"Msirudi!" Nilipiga kelele mpaka ndama wakashtuka. "Shangazi nakusihi, achukuliwe cha maabara, na mmwambie daktari kwamba bibi ana pumu na amekunywa na mimi!"

"Wewe na mistari yako tena?"

Nikalia kwenye simu. Nafikiri kilio ndicho kilichomgeuza shangazi, maana alirudi kwa daktari na bibi akalazwa kusubiri majibu. Kesho yake asubuhi pumzi ikambana, lakini tayari alikuwa kitandani na oksijeni iko jirani. Majibu ya maabara yalipokuja, yalisema anao.

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, anatembea kwa kushikwa mkono. Mimi nilishapona lakini nilisimama mbali, siwezi kumtazama.

"Bibi, nisamehe. Nilikaribia kukuua."

"Njoo hapa," akasema, akapumzika kidogo ndipo akaendelea. "Nilipokosa pumzi nilijua nikifa utabeba hilo neno maisha yako yote. Nikaona hapana, mume wangu hataliweza. Nikakataa kufa."

Nilipiga magoti pale pale, mbele ya watu.

Sasa nikikohoa, hata kama ni vumbi tupu, siendi kwake mpaka maabara iseme. Bibi ananipigia simu kulalamika kwamba ameolewa na mwoga. Ni kweli, nimekuwa mwoga, na mniache hivyo hivyo.