Figo la Tumbo Moja

Mtaani walimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata akienda kununua vitunguu. Alikuwa ameshona nguo kwa miaka ishirini, mkali kwa wateja, mkali zaidi kwa mdogo wake wa kiume, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Tena alikuwa na haki: miaka mitatu nyuma alimpa figo lake la kushoto. Tangu hapo, saa moja asubuhi na saa moja jioni, humpigia simu. "Umemeza vidonge?" "Nimemeza, dada."

Siku hiyo alikuwa akimpima suruali. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi tatu kwa miezi miwili. Akachuchumaa kupima mguu, akabonyeza kidole karibu na kifundo. Shimo likabaki palepale.

"Nimenenepa tu," mdogo mtu akasema.

"Nimewashonea wanene wote wa mtaa huu. Hawabonyei hivi. Vidonge unameza?"

Akaangalia cherehani. "Nameza kimoja badala ya viwili. Viwili vinanitetemesha mikono, dada. Kabla sijapunguza niliandika 'Duka la Dawa' ukutani, mwenyewe akaniuliza kama nimelewa. Halafu figo lenyewe ni lako. Sisi tumbo moja, mwili utalikataaje?"

Hasira zilimpanda Bi Futi. Daktari alishawaambia, wote wawili wamekaa pale, kwamba mwili haujui undugu. Unaona kitu kigeni tu, na bila dawa za kuutuliza utakishambulia maisha yote. Na aliitikia kwa kichwa, yule. Mwanamume mzima, ndevu tele, anadanganya kwenye simu mara mbili kwa siku.

Hospitali, majibu ya damu yalitoka mchana. Mwili ulikuwa umeanza kulishambulia figo. Ilibidi alazwe, achomwe dawa kali siku kadhaa; sehemu iliyoharibika isingerudi. "Kutetemeka kunaletwa na dawa," daktari akasema. "Mngeniambia, ningepima kiwango chake kwenye damu, nikarekebisha dozi."

Hilo ndilo lililomkera Bi Futi kuliko yote. Neno moja tu, na jamaa kalikalia miezi miwili kwa aibu ya herufi zilizopinda.

Kitandani, mdogo wake akamshika mkono. "Nisamehe, dada."

Alitaka kusema si kitu, kama wanavyosema watu. Hakuweza.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini mdogo wangu, sina lingine la kukupa."