Kimoja cha Hadithi, Kimoja cha Ukweli

Mtu akija kwangu akasema hajui asome kitabu gani, mimi namtazama miguu kwanza. Msinicheke. Uso unajua kudanganya, miguu haijui. Mwenye vumbi mpaka magotini katoka mbali na ana kazi nyingi, huyo usimpe kitabu kinene, mpe hadithi fupi fupi amalize moja kabla ugali haujaiva. Mwenye viatu vya kung'aa mpe mashairi, ana muda huyo. Mwenye kandambili zilizofungwa kwa waya mpe cha mapenzi, maana shida za maisha anazijua tayari, akazisome tena za nini?

Hayo ya miguu ni yangu mwenyewe. Mengine yote kuhusu vitabu nilifundishwa na binti yangu wa kwanza. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Kisomo cha watu wazima nilikisoma nikiwa na watoto mgongoni. Kwa hiyo nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Silabi moja, nasimama, natafuta nyingine.

Binti yangu yeye alimeza vitabu. Alipata kazi kwenye duka la vitabu la shirika la umma hapa hapa Dodoma mjini, na nyumbani kwetu Majengo tukajiona tumefika. Ikaja miaka ya ruksa. Mnaikumbuka? Maduka yakajaa sabuni za kunukia na redio na khanga za kuchagua, kila mtu akawa mfanyabiashara, na mashirika yakaanza kufa moja moja. Duka lao likafungwa. Wafanyakazi wakaambiwa wagawane vilivyobaki. Mmoja akachukua meza, mwingine feni, mlinzi akang'oa mlango wa stoo, sijui alikwenda kuufunga wapi. Binti yangu akaja nyumbani na mkokoteni umejaa vitabu.

Nikamuuliza tutalala wapi. Mimi nilikuwa nauza karanga kibarazani, na ukweli niliona karatasi nzuri za kusokotea karanga. Akanisoma macho. Akasema nikichana hata ukurasa mmoja anahama.

Basi tukavipanga kibarazani pembeni ya karanga. Mtu anatoa kidogo, anaazima, akirudisha anachukua vingine. Vingine, nasema, si kingine, kwa sababu binti yangu alikuwa na sheria yake. Kwake huondoki na kitabu kimoja. Unachukua kimoja cha hadithi na kimoja cha ukweli. Alisema hadithi peke yake ni ugali mtupu, na ukweli peke yake ni mboga bila ugali, unalamba lamba halafu unalala na njaa.

Watu walilalamika jamani. Muuza nyama wa sokoni yeye alitaka cha mpelelezi tu. Binti yangu akamwekea juu yake kitabu cha minyoo inayokaa kwenye nyama.

"Dada, mimi nauza nyama. Sitaki kujua ina nini ndani."

"Ndiyo maana nakupa, kaka."

Akachukua kwa hasira. Aliporudi alikuwa na hasira zaidi, anasema mishikaki yake mwenyewe imemshinda kula. Lakini akauliza kama kuna kingine cha mpelelezi, na kingine cha magonjwa.

Alikuwepo na mzee mmoja wa Chemba, analeta mbuzi mjini. Kwao wanasema ile lugha ya kugonga-gonga ulimi kinywani, Kiswahili alikiokota minadani. Huyo alipewa cha magonjwa ya mbuzi na cha mapenzi. Siku ya kurudisha alikaa na sisi kibarazani mpaka jua likageuka, anazungumza juu ya yule msichana wa kwenye kitabu, kwamba alikosea kuolewa na mwenye gari, kwamba yeye alimwambia asubiri lakini hakumsikia. Tukamuuliza, na mbuzi je? Akasema mbuzi wapo, wanaendelea.

Tulicheka sana miaka ile. Nataka mjue tulicheka.

Mume wa binti yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alirudi safari moja na kikohozi, akakaa nacho, akafa. Haukupita muda mrefu binti yangu akaanza kupungua. Kwanza mashavu, halafu mikono, halafu gauni likawa linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Ugonjwa wenyewe wa miaka ile, kila mtaa ulikuwepo na hakuna aliyeutaja. Watu walisema malaria, walisema kifua, walisema mkono wa mtu. Shoga yangu aliyekuwa akiuza nyanya mbele ya nyumba yangu alishika hilo la mkono wa mtu. Alinisihi tumpeleke binti kwa mganga, na alisema kwa mapenzi, maana alimlea pamoja nami tangu anatambaa.

Binti yangu alipochoka kukaa, nikamhamishia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha la kibarazani. Kazi ya vitabu ikaniangukia mimi. Mteja anakuja, mimi natazama miguu, nachagua. Na yeye kule ndani, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu.

Siku moja kaja binti wa watu kanawiri, miguu ina hina mbichi, nikampa riwaya moja tamu sana.

"Mama," sauti ikatoka dirishani. "Huyo anaolewa Ijumaa. Humo mume anamuua mkewe."

"Si mwishoni?"

"Ukurasa wa tatu, mama."

Tukampa ya mama mkwe aliyebadilika tabia, na cha ukweli tukampa cha mapishi. Ikawa mchezo wa wateja pia. Nikishachagua, wao wenyewe wanageukia dirisha kusikiliza kama nimepatia.

Halafu macho yake yakaanza kwenda. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye maziwa. Vitabu vikawa vinakaa kifuani kwake vimefungwa, anavipapasa tu magamba. Asubuhi moja nimempelekea uji, akaniambia, "Mama, leo mimi mteja. Nichagulie."

Nikamtazama miguu. Ilikuwa laini kama ya mtoto ambaye hajaanza kutembea, maana ilikuwa haijakanyaga ardhi siku nyingi. Nilisimama pale na bakuli la uji. Wateja wote wale niliwajua kwa miguu, na kwa miguu ile sikuwa na kitabu.

Nikaenda kibarazani nikachukua riwaya nene kuliko zote, ya dada watatu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Sikuwaza kama ni nzuri. Niliwaza unene wake tu. Nilisema moyoni, kwa usomaji wangu huu wa kukanyaga mawe, hii hatuimalizi leo wala kesho wala mwaka huu, na yeye hapendi kuacha hadithi katikati.

Akaipima mkononi, akatabasamu. Alinielewa.

"Na cha ukweli?"

Nikamwambia tuanze na hicho kwanza, cha ukweli tutatafuta.

"Inua mto, mama."

Chini ya mto kulikuwa na kijitabu chembamba, cha kutolewa bure, karatasi zake zimeshajikunja pembe. Kwenye gamba pana picha ya mtu mwembamba kitandani na watu wamemzunguka. Akaniambia alikitoa dukani kabla hawajagawana vitu, akakificha mumewe alipoanza kukohoa. Alisoma vitabu vyote vya duka lile, hata cha kutengeneza saa, lakini hicho kilimshinda kukifungua. Alikuwa anasubiri awe na moyo. Sasa moyo umekuja na macho yameondoka.

Nikasema ngoja nimwite mwalimu wa nyumba ya pili, anasoma kama redio.

"Nisomee wewe. Sitaki anayesoma haraka."

Nikakaa kitandani. Mnaojua kusoma hamjui jambo hili, kwamba mtu anayesoma silabi hajui sentensi inampeleka wapi. Nyie mnaona mbele, mnaweza kukwepa. Mimi nilikuwa naweka kidole, natamka, na maana inanijia baadaye, kama mtu anayefungua mlango gizani. Nikasoma, "Mpa-ka sa-sa, u-go-njwa hu-u." Nikasimama kupumua. Kidole kikaenda mbele. "Ha-u."

"Hauna, mama," akasema taratibu. "Hauna tiba. Endelea."

Nilitaka kukifunga. Nilitaka kukichana nisokotee karanga. Akaweka mkono juu ya mkono wangu, mwepesi kama jani la kunde, na kidole changu kikabaki pale pale. Nikaendelea. Machozi yananidondokea kwenye herufi na mimi nayafuta kwa khanga ili nione, nikifuta nimeshapoteza mstari, naanza upya. Kwa hiyo baadhi ya maneno yale aliyasikia zaidi ya mara moja, masikini mwanangu.

Tukafika pahali pameandikwa kwa herufi kubwa kidogo. Nikasoma, "Ha-u-a-mbu-ki-zwi kwa ku-la sa-ha-ni mo-ja."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Tangu mumewe afe, binti yangu alikuwa na sahani yake na kikombe chake na kijiko chake, anaviosha mwenyewe, na hata alipolala kitandani alitaka viwekwe mbali na vyetu. Mimi nilidhani ni mambo ya ujane, kila mtu na huzuni yake. Alikuwa anatukinga. Alikula peke yake muda wote huo, kwenye nyumba yenye watu, kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakuthubutu kuisoma.

Nilikwenda jikoni nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, nikaleta sahani moja. Tukala. Alikula tonge tatu nne, lakini alikula polepole, vidole vyake vinagusana na vyangu kwenye mlenda, na tukachekana kwa jinsi mlenda unavyovutika.

Baada ya hapo tukaanza ile riwaya. Kila siku kipande. Dada wa katikati alimchukiza sana, alisema ana sura ya mmoja wa wafanyakazi wenzake. Tulikuwa hatujafika hata nusu. Siku hiyo soko limechangamka, mimi niko kibarazani nabishana na mteja, nimempa kitabu, na nikanyamaza kusikiliza dirisha liniambie nimekosea wapi. Mteja naye kanyamaza. Tulisubiri hivyo wote wawili mpaka nikaingia ndani.

Kwenye msiba wanawake walijaa ua mzima. Wakaniuliza kwa adabu, kama watu wanavyouliza, alikuwa anaumwa nini. Nikawaambia. Nikalitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema malaria. Wapo walioweka sahani chini hawakuishika tena. Shoga yangu wa nyanya akanivuta pembeni akaniambia nimemvua nguo mtoto kaburini, ningesema tu kifua. Hatukusemezana kwa muda mrefu, na sisi tulikuwa tunatazamana kutwa, yeye na nyanya zake, mimi na karanga zangu ambazo hakuna aliyenunua.

Nilipomaliza msiba nilikitoa kile kijitabu nikakiweka mezani na vingine, mbele kabisa. Watu wanakitazama, wanachukua cha jirani yake, wanakwenda.

Mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza shoga yangu alipovuka barabara. Alikuwa ameacha nyanya zake bila mwangalizi na mdomo ameuziba kwa mtandio. Nikatazama miguu yake, haina viatu. Aliongea chini chini. Kijana wake aliyekuwa migodini karudi, kalala ndani, hataki kula na wenzake. Akaniomba kile kijitabu. Yeye hakuwahi kushika hata kisomo, kwa hiyo akasema, "Shoga yangu, nisomee."

Nilikichukua, nikakifungua. Nikaona palipojikunja, nikaona wino ulipovimba kwa maji. Kidole changu kilikataa kushuka kwenye karatasi. Nikamwambia siwezi, kile nilikisoma mara moja na sitaweza tena.

Akaanza kulia. Nikamuuliza, "Kijana wako si kafika darasa la saba?"

"Kafika."

"Basi akusomee yeye. Atasoma haraka haraka ayapite, wewe mwambie arudie. Kaa naye karibu, na uende na sahani moja."

Akakiweka ndani ya khanga, tumboni, akavuka barabara. Mvua ikaongezeka. Nikaziingiza karanga ndani, na vitabu, nikaketi kuzichambua karanga, mbovu huku, nzima huku. Mteja mmoja alibisha hodi akitaka nimshauri cha kusoma. Nikamwambia avisogelee mwenyewe, achague.