Kombe la Igogo Nililolisugua

Kombe la klabu yetu ya mpira wa pete, hapa Igogo, lina umri mkubwa kuliko mama yangu na sura mbaya kuliko kaka yangu. Bibi, nahodha wa kwanza wa klabu, ndiye aliyekuwa akilitunza, na sheria ya kombe kila mchezaji aliijua: timu itakayolitwaa mara tano, linakuwa lake moja kwa moja. Fainali haikuchezwa kila mwaka, na kila ushindi nahodha alichora alama chini ya kitako kwa msumari. Sisi tulichora samaki, wenzetu wa Mkolani walichora jembe. Timu nyingine zilikata tamaa zamani, zikabaki kuja kutazama.

Siku moja kabla ya fainali bibi akaniambia, "Hebu lifute vumbi hilo."

Angesema hivyo kwa mtu mvivu, tusingepata shida. Lakini mimi nimelelewa Igogo, ambako sufuria haijaoshwa mpaka uione sura yako kwenye kitako. Nikachukua majivu na mchanga wa ziwani, nikasugua mpaka mikono ikauma. Nikampelekea bibi, nikisubiri sifa.

Akaligeuza. Akakaa chini taratibu.

"Umesugua na huku chini?"

"Nimeanzia huko, bibi. Ndiko kulikuwa kuchafu."

Hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba tulikuwa na samaki wanne, Mkolani majembe manne, na sasa hakuna kitu. "Yaani hata tukishinda kesho, wataniambia nithibitishe. Nitathibitisha na nini, na meno yangu?"

Nilikuwa mfungaji wa timu. Usiku ule nikajiambia nikikosa goli kesho nihamie Ukerewe.

Sikukosa. Nitajisifu hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayenisifu: beki wa Mkolani aliyenikaba alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na nilimfunga hivyo hivyo. Zikiwa zimebaki sekunde chache tuko sawa, nikapewa mpira pembeni kabisa mwa duara. Nikarusha. Ukazunguka juu ya pete kama mtu anayetafuta pa kukaa, ukaingia. Filimbi.

Igogo nzima ikavamia uwanja. Hapo hapo nahodha wa Mkolani, binti wa rika langu, akalichukua kombe, akalipindua.

"Samaki wenu wako wapi? Sisi tunajua mlikuwa na watatu. Leo ni wa nne. Kombe linabaki la kugombewa."

Kelele zikaanza. Bibi alisimama, akajifunga kanga yake upya kiunoni. Nikatamani ardhi inimeze na sketi yangu ya michezo.

Ndipo akainuka bibi mmoja upande wa Mkolani, akaja mpaka katikati kwa fimbo yake. Tukamwamkia shikamoo wote, hata waliokuwa wanatukanana.

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekuwa namkaba huyu," akasema, akimnyooshea bibi yangu fimbo. "Mara ya kwanza kutufunga ni kule Nyakato, mvua ilinyesha nikateleza. Ya pili nilikuwa na mimba, sijamwambia mtu, naona aibu kusema nimechoka. Ya tatu alinikanyaga kidole, ukucha mpaka leo umepinda, atakaye kuuona, nivue kiatu. Ya nne nililia njia nzima hadi nyumbani, nikamwambia mume wangu ni vumbi. Nne hizo. Leo ya tano."

Nahodha wao akanong'ona, "Lakini bibi, wewe ni wa kwetu."

"Ndiyo maana najua. Waliotufunga wao walisherehekea wakalala. Mimi nilikaa macho nikihesabu. Wape kombe lao."

Binti akaliachia. Nikalidaka, nikamkabidhi bibi yangu. Akaliangalia, halafu akamwangalia yule mwenzake.

"Kile kidole nilikukanyaga makusudi," akasema.

"Najua. Na mimi nilikuwa nakuvuta sketi mwamuzi akigeuka."

"Nilidhani ni lastiki imelegea."

Wakacheka mpaka fimbo ikaanguka. Bibi akampa sikio moja la kombe alishike, yeye akashika la pili, wakatangulia. Sisi nyuma yao, Igogo na Mkolani tumechanganyika, wauza dagaa wakigonga masinia barabara nzima. Kombe lilikuja nyumbani moja kwa moja, limebebwa na mtu aliyelikosa mara tano.