Kitambaa cha Mashine ya Ekero

Neno ambalo Cornelius Makhanu alilichukia kuliko yote duniani ni imekufa. Kutoka Lugari hadi Khwisero, popote kampuni yake ilipouza kompyuta, watu walipiga simu ofisini Kakamega kusema imekufa. Waya umechomoka ukutani: imekufa. Mtu kabonyeza kitufe cha skrini bila kujua: imekufa. Karatasi imekwama kwenye printa, hiyo nayo imekufa. Ilimbidi Makhanu afunge safari ya nusu siku, achomeke waya, watu wamshangilie, naye arudi mjini amenuna.

"Hawajui kuugua hawa," alimwambia mkewe, Rachael. "Kwao ni uzima au kaburi, basi."

Maoni alikuwa nayo mengi, wala hakuyapima kabla ya kuyatoa. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, kisha kampuni ikampeleka Nairobi miezi mitatu kujifunza kompyuta, na kufikia mwaka 1996 alikuwa ametembea na ule mkoba wake wa bisibisi miaka sita. Mashine zenyewe, alisema, zilitengenezwa na watu wa nchi za baridi, watu wasiowahi kukaa chini ya bati la Ekero saa nane mchana. Programu ndizo zilimchefua zaidi. Kitu kikiharibika, programu inakuletea kisanduku cha Kiingereza kinachokuambia umwone msimamizi wa mfumo. Haya, huko Ekero msimamizi ni nani? Si ni huyo huyo anayekisoma kisanduku, tena peke yake chumbani, mlango umefungwa na moyo unamwenda mbio?

Na kuhudumia wateja! Ukutani ofisini palibandikwa maandishi mekundu, Mteja ni Mfalme. Makhanu aliyapita kila asubuhi na kuguna. Mfalme gani, aliuliza, anauziwa mashine kwa saa moja halafu anasubiri fundi wiki mbili? Kila fundi alipomaliza kazi alijaza fomu ya manjano yenye visanduku. Mashine imekaguliwa, alama. Mazingira ya mashine yanafaa, alama. Kanda ya akiba imejaribiwa, alama. Mteja ameridhika, alama, na mteja anatia sahihi chini. Makhanu aliita fomu hiyo karatasi ya kumlaza bosi usingizi. Ila alizijaza, tena zote, visanduku vyote, maana bila hivyo Bwana Kiplagat, meneja wa tawi, hakusaini ruhusa ya safari nyingine.

Sasa hapo ndipo penye kidonda.

Chama cha wakulima wa miwa cha Ekero kilikuwa na kompyuta moja kubwa, nayo ilibeba kitu kimoja ambacho watu mia sita walikitegemea: orodha ya zamu za kukata. Nani alipanda mwezi gani, shamba lipi, na zamu yake ya kukatiwa ni lini. Muwa hausubiri mtu. Ukiupitisha miezi yake unatoa maua, unakauka ndani, na mwenye shamba anabaki kutazama kuni. Zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari kubwa jeusi, na watu waligombana juu ya daftari hilo mpaka kupigana. Kompyuta ilipoletwa, Makhanu mwenyewe ndiye aliyewaambia waache daftari. Aliwaambia mtu mwenye gari hatembei na punda nyuma yake, wakacheka, wakaacha.

Mwenye kuitunza mashine alikuwa karani wa chama, Rosebella, mama wa makamo ambaye watu walimwita Mama Beverlyne kwa jina la kifungua mimba wake. Hakuwahi kuigusa kompyuta kabla ya hiyo, na aliiheshimu kupita kiasi. Msimu wa kuchoma mashamba, masizi ya miwa yaliingia madirishani yakatua juu ya kila kitu. Basi Rosebella alifanya ambalo mwanamke yeyote wa pande hizo angelifanyia kitu cha thamani sebuleni. Alichukua uzi wa manjano na mweupe, akaishonea mashine kitambaa kwa sindano ya kroshia, wiki nne nzima, kizito, chenye maua na jina la chama mbele, kikaifunika mpaka chini, mbele na nyuma. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti, Mzee Hezekiah, alimwinua mbele ya watu akapigiwa makofi.

Mara ya kwanza Makhanu alipokiona kitambaa hicho, mashine ikiwa imewaka, feni yake ya nyuma ikihema ndani ya maua ya manjano, alitaka kupiga kelele. Mkono alioweka juu ya bati la mashine ulirudi wenyewe kwa joto. Lakini alikuwa ametoka tu kula. Pale Ekero fundi aliyetoka mbali hafungui mkoba kabla ya kula, na Rosebella alikuwa amekuja na sufuria kutoka nyumbani, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akamwekea Makhanu firigisi peke yake kwenye kisahani, heshima ya mgeni mkubwa. Umeshakula firigisi ya mtu, unafuta mdomo, halafu unamwambia kazi ya mikono yake inaua mashine ya watu? Makhanu alishindwa. Alikitoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini, akitumaini mama ataelewa. Rosebella aliona fundi amesahau kuivisha mashine, akaivisha mwenyewe, tena akamtania kwamba wanaume hawajui kupanga nyumba.

Hayo yalitokea Machi. Julai yakatokea tena, na Novemba tena, firigisi na kitambaa na kimya. Kila mara Makhanu alitia alama kwenye kisanduku cha mazingira. Na kanda ya akiba, ile ambayo Rosebella aliichomeka kila Ijumaa ili mashine inakili orodha, hakuijaribu hata mara moja. Kuisoma kanda upya kulichukua saa tatu, jua lilikuwa linashuka, na taa yake ilikuwa ya kijani. Akatia alama pia.

Jumanne moja ya Februari 1996 simu ililia.

"Fundi," Rosebella alisema, "imekufa."

"Waya uko, Mama Beverlyne?"

"Waya uko. Kuna harufu, fundi. Kama pasi ikisahauliwa juu ya nguo."

Makhanu hakununa safari hiyo. Alikaa na simu mkononi, kwa sababu alijua kilichoiunguza.

Alipofika Ekero asubuhi ya pili alikuta wakulima wamejaa kwenye mabenchi nje ya ofisi, labda arobaini. Mmoja wao, mjane aitwaye Nekoye, alimfuata mpaka mlangoni. Zamu yake ilikuwa wiki hiyo hiyo. Miwa yake ilikuwa na miezi ishirini na tano na tayari juu ilikuwa imeanza kuchanua.

"Itapona?" aliuliza.

"Ngoja niione kwanza, mama," Makhanu akasema.

Ndani hapakuwa na sufuria. Rosebella alikuwa amesimama kando ya meza, macho yamevimba, kitambaa kimekunjwa kifuani mwake. Makhanu alifungua mashine. Diski ilikuwa imeungua, haikuzunguka hata ilipobembelezwa. Alitoa diski mpya mkobani, akaifunga, akachomeka kanda ya akiba, akakaa kungoja. Safari hii zile saa tatu alizipata. Kanda iliposomwa yote, ilileta orodha ya mwaka 1994. Kilichoandikwa juu yake tangu hapo kilikuwa takataka tupu. Kanda ilikuwa imechakaa, na taa ya kijani ilikuwa inawadanganya wote wawili.

"Lakini mimi nawekanga kila Ijumaa," Rosebella alisema kwa sauti ndogo. "Hata siku ya mazishi ya shemeji niliacha watu nikaja kuweka."

"Najua uliweka."

"Ni kitambaa, sivyo? Vijana wa kiwanda cha sukari wamekuja jana wakaniambia ni kitambaa ndicho kimeizibia pumzi."

Makhanu aliomba simu ya ofisi akapiga Kakamega, na Rosebella, kwa adabu, akatoka nje. Kiplagat alisikiliza kidogo tu.

"Kuna kitambaa?"

"Kipo, bosi."

"Basi tumepona. Andika mteja aliifunika mashine kinyume cha maagizo. Dhamana inaishia hapo."

"Maagizo gani, bosi? Kitabu ni cha Kiingereza, kiko ndani ya plastiki yake, kimefungiwa kabatini kwa mwenyekiti."

"Wewe uliwaambia, hukuwaambia?"

Makhanu aliuhamishia mkonga wa simu sikio la pili.

"Fomu zako ziko hapa mbele yangu," Kiplagat akaendelea. "Tatu. Mazingira yanafaa, kanda imejaribiwa. Ama ni yule mama aliyeanza kufunika baada ya wewe kuondoka, ama ni wewe unaandika uongo. Chagua moja, uniletee kesho." Akakata simu.

Makhanu alikaa na fomu ya manjano mezani. Kamati ya chama ilikuwa inakutana saa tisa, na Mzee Hezekiah alikuwa ameshasema waziwazi mbele ya mabenchi: kama fundi ataandika kosa ni la karani, karani aende nyumbani siku hiyo hiyo. Mambo yote yalikuwa kwenye ncha ya ile kalamu. Na ilikuwa rahisi, jamani, hiyo ndiyo aibu yake. Hakuna aliyemwona akikunja kitambaa. Hakuna aliyejua firigisi tatu zilinyamazisha nini. Mwenye kumshtaki alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amejishtaki mwenyewe kwanza. Makhanu alimfikiria Rachael na watoto, akaandika maneno mteja aliifunika. Akayatazama. Alijisikia kama mtu aliyekula sumu kidogo, anangoja ianze kazi.

Akayakata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwenye fomu iliyotakiwa kujazwa kwa Kiingereza. Kitambaa nilikiona mara tatu, sikusema kitu. Kanda sikuijaribu hata mara moja, ingawa niliandika nimeijaribu. Karani alifanya yote aliyofundishwa. Akatia jina lake na tarehe, na ndani yake akasikia kitu kinachofanana na fahari. Alijua kazi yake kwenye kampuni imekwisha. Lakini alimwona akilini Rosebella akisoma, akishusha mabega, akimwambia asante. Hilo asante alilitaka sana.

Akamwita. Rosebella aliingia, akakaa, akavaa miwani yake, akaisoma fomu kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile Machi ya kwanza, Mama Beverlyne."

"Na Julai ulijua."

"Nilijua."

"Na Novemba. Tukiwa tunacheka hapa."

"Ulikuwa umenipikia, mama. Ningeanzaje kukusema, nimekaa mbele ya chakula chako?"

Rosebella alivua miwani. Hakulia, na hakuinua sauti. Makhanu aliwahi kutukanwa na wateja wa kila aina, maaskari, mapadri, hata daktari mmoja aliyemrushia kibodi, na hakuna aliyemtazama hivyo.

"Tangu jana niko kwa hayo mabenchi," alisema. "Nimemshika kila mtu mkono, mmoja mmoja, nikamwomba msamaha. Nekoye nimempigia magoti. Nimesema ni mimi na uzi wangu, sikujua. Wote wamejua hivyo." Alivuta fomu karibu, akatafuta pa kutia sahihi, akaitia. "Hii inanirudishia kazi. Nekoye inamrudishia nini?"

Makhanu alisema atakaa Ekero, ataandika orodha upya kwa mkono, ataenda shamba kwa shamba kuuliza nani alipanda lini. Alipokuwa akisema alijua kila mkulima atataja mwezi wa mapema kuliko wake ili akatiwe kwanza, na nani angemlaumu.

Rosebella alimrudishia fomu yake.

"Ungenigombeza tu, Makhanu," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Ningenuna wiki moja, yakaisha."

Makhanu aliikunja fomu akaitia mkobani. Nje Nekoye alikuwa anagonga mlango, anauliza kama imepona.