Honi ya Baba Ndani ya Kidude

Mimi naishi Mgololo, jirani na kiwanda cha karatasi, na kama umewahi kupita huku upepo ukigeuka, harufu yake unaijua. Mtu aliyezoea harufu ile si wa kuziba pua hovyo. Lakini juzi juzi nilikwenda Mbeya kwa mdogo wangu Tuntufye, fundi kompyuta, na nilichokikuta juu ya meza yake ya chakula kinanitia kinyaa mpaka leo.

Ni treni. Treni ndogo ya plastiki, kichwa chake kinaenea kiganjani. Reli zimezunguka pale ambapo mke wake angeweka bakuli la mboga, sisi tukala tumepakata sahani. Haina moshi, haina grisi, ukiishika mkono unabaki safi kama hujagusa kitu. Mdogo wangu akanieleza, kwa raha zake, kwamba ndani ya kila kichwa kuna kidude kinaitwa dikoda, ndicho kinachopokea amri. Vyote vinatoka kiwandani na namba moja, na usipovibadilishia kwa kompyuta, ukiamuru kimoja kiende vinaondoka vyote. Ukishavipa namba, unavifundisha kuondoka taratibu, kusimama, kuwasha taa. Akabonyeza, kichwa kikapiga honi. Akabonyeza cha pili, honi ileile.

Nikamuuliza hiyo ni honi ya nani. Akacheka, akasema ni ya treni tu, dada.

Ya treni tu. Nilitamani kutema mate.

Sisi ni wa Chimala, na baba yetu alikuwa dereva wa treni. Mpunga ukitoa masuke, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Alfajiri uko shambani, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, matope magotini na ruba wamekung'ang'ania. Na tukiwa hukohuko tulijua kwa honi ni dereva gani anapita. Mzee Lusekelo alipiga mbili fupi, kavu, kama anakohoa. Mzee Sanga aliivuta mpaka mbwa wa stesheni wakamwitikia. Mzee Chaula alipiga nyingi za wasiwasi, akiogopa ng'ombe wa wafugaji waliokuja Usangu. Majina yao ninayo yote, mimi niliyeishia darasa la nne.

Baba alipiga moja ndefu, akapumzika, kisha mbili fupi, na ile ya mwisho ilikuwa na kamkia, mkono ulichelewa kuachia. Mama akiisikia kutoka mbali anabandika maji ya ugali. Treni yake ilikuwa inasubiri pale stesheni ipishane na nyingine, kwa hiyo mimi naacha ndege wale wanachotaka, nanawa miguu mferejini, nakimbia na bakuli la ugali na kisamvu. Anakula amesimama mlangoni mwa kichwa, mikono inanuka dizeli, ananipa kifurushi cha samaki wakavu wa Mlimba. Bakuli linarudi na alama nyeusi za vidole vyake. Mama hakuwa na haraka ya kuliosha.

Aliugua mapafu, akatutoka, Tuntufye akiwa bado tumboni. Mama naye alishatangulia. Aliyebaki anayeijua ile honi ni mimi peke yangu, na kumbe ndicho nilichoitiwa Mbeya. Mdogo wangu alitaka nimwimbie aitie kwenye kidude chake.

Nilimwambia baba si mwanasesere. Nilimwambia asubuhi napanda basi. Akasema, "Dada, wewe ulimsikia. Mimi sijamsikia hata mara moja."

Nikavuta kiti. Mchana kutwa nikawa namwigizia kwa mdomo kama mwehu, yeye anagonga kompyuta, anarefusha, anafupisha. Hivi? Hapana, unamkatisha. Hivi? Hapo umempa haraka, baba hakuwa na haraka. Mpaka ikatoka. Moja ndefu, kimya, mbili fupi, na kamkia kake. Wifi yangu alisimama na mwiko mkononi. Tuntufye aliweka kichwa mezani, akalia, mtu mzima na mvi zake.

Halafu akabonyeza tena. Na tena. Kamkia kalekale, hakapungui wala hakazidi. Baba hakuwahi kuipiga sawasawa mara mbili. Akichoka, mkia haupo. Akiwa na samaki, anauvuta kwa utani. Siku za mwisho ilikatika katikati, mama akasimama na sufuria asijue abandike au asibandike. Haka hakachoki, hakaugui. Tuntufye akamchezea jirani, akamchezea msoma mita ya maji, wakapiga makofi. Ilikuwa kama nimemwona marehemu anachezeshwa kwa kamba.

Sikumwambia aifute. Ananipigia simu kwamba kila akitoka kazini anaibonyeza kabla hajavua viatu.

Na mimi huku Mgololo nakaa nje nachambua maharage, nafumba macho, namwita baba kama nilivyozoea miaka yote. Matope nayaona. Debe nalisikia, na mzee Sanga namsikia anavuta ya kwake, mbwa wanaitikia. Ikifika zamu ya baba, inalia ile ya plastiki. Nangoja pengine leo itakatika, pengine mkia utarefuka kidogo. Haibadiliki.