Vitone Vyekundu Katikati ya Majani Chai

Baba alipozikwa, kaka yake, baba mkubwa wangu, alimpa mama wiki mbili aondoke. Akabomoa nyumba yetu ya mabati mekundu pale juu ya mlima, akaunganisha majani chai yetu na yake, na mama akahamia chumba cha kupanga sokoni Kimulot. Kwa miaka sita nilimchekea huyo mzee kila tulipokutana, na kila mara nilimchukia upya.

Halafu akasikia kwamba nachora, akaniagiza picha ya shamba lake. Alitaka kuizindua siku ya ibada ya nyumbani kwake, waumini wote wakiwepo. Nilikubali haraka mno.

Niliichora kwa vitone. Ukikaribia, unaona rangi zimetapakaa tu. Ukirudi nyuma, macho yenyewe yanazichanganya na mlima unatokea. Majani machanga niliyapa njano na kijani, vivuli nikavipa zambarau, na jua la saa moja asubuhi rangi ya chungwa. Kisha, pale juu, nikaweka nyekundu, kitone kimoja kimoja, siku nne nzima.

Alikuja kuikagua kwenye stoo ninamochorea, nyembamba hata mlango haufunguki wote. Pua yake ilikaribia kugusa rangi.

"Hizi nyekundu ni za nini?"

"Zinafanya kijani iwake, baba mkubwa."

Sikusema uongo. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika.

Siku ya ibada nilimleta mama, nikamketisha karibu na mlango. Sebule ya mzee ni ndefu. Alisimama mbele kabisa, kando ya picha, akamshukuru Mungu kwa kumpanulia shamba, akavuta kitambaa kilichoifunika.

Waliokaa nyuma walinyoosha shingo. Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa jirani yetu, akasema, "Si hiyo ni nyumba ya huyu mama? Hata mlango iko."

Baba mkubwa aliitazama picha, akaona vitone. Ilibidi avuke sebule yote, akipita magoti ya watu, mpaka mlangoni alipoketi mama. Akageuka. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mlima, nyekundu, jua likiipiga.

Mchungaji alimuuliza kwa upole, "Mzee, huyu mama atarudi kwake lini?"

Mama alimkazia mzee macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tulipomzika baba. Mimi nilifurahi, na sijatubu.