Kaburi Katikati ya Shamba la Mama Shoka

Mama Shoka alipata jina hilo kwa sababu alikata miti. Sisi wanawake wengine wa bonde hili tulikuja baadaye, msitu ukiwa umeshatobolewa mapengo na nyumba zimeshasimama. Yeye alikuja na mumewe wakati kampuni ya mbao ilipofunga kiwanda na kuondoka, ikaacha barabara za magogo na lori bovu lisilo na matairi. Serikali ikatangaza kwamba atakayefyeka na kulima, pale ni pake. Watu wakateremka kutoka ng'ambo ya mlima na mashoka, masufuria, na kuku ndani ya matenga.

Namna ya kumiliki ilikuwa rahisi. Mtu alizunguka sehemu anayoitaka, na kwenye kila pembe akachagua mti mkubwa na kuuchonga alama yake. Kisha mume wa Mama Shoka na mkewe wakaanza kuangusha iliyo ndani, yeye upande huu wa shina, mke upande ule, wakipokezana mapigo. Wanaume waliopita walicheka. Mmoja alimwuliza mume, "Kaka, huyu umemwoa au umemwajiri?" Akajibiwa kwamba kama ni kumwajiri, mshahara wake asingeumudu.

Hakuna aliyewaza kwamba alama iliyo kwenye mti huondoka na mti. Miti ile ya pembeni nayo ilikatwa kidogo kidogo, mingine ikawa mbao, mingine ikawa mkaa. Nilipoolewa huku, bonde zima lilikuwa limebaki na mipaka ya mdomo tu. Mimi nasema ni pale, wewe unasema ni hapa, na kila mtu ana panga nyumbani kwake.

Mume wa Mama Shoka aliuawa na mti uliojipinda ukianguka. Enzi hizo hakuna aliyezika bondeni kama ana uwezo. Huku palikuwa shambani, nyumbani palikuwa kule walikotoka. Kumwacha mtu wako kwenye visiki ilikuwa kama kumtupa. Mama Shoka alitoa mahindi yote ya ghalani kuwalisha wabebaji, wakavuka mlima na maiti kwenye machela ya miti, yeye nyuma na mabinti zake wawili. Watu walimsifu sana. Waliokuwa hawana kitu walizika wafu wao nyuma ya jiko, wakainamisha macho kila walipopitiwa.

Nguruwe pori walikuwa wengi, na mabinti walikuwa bado wadogo. Akamwita mdogo wa mumewe aje akae upande wa chini, alinde mazao. Huyo ndiye Shemeji. Mama Shoka alimwita hivyo, sote tukafuata, hata watoto wangu humwita Baba Shemeji. Alikuja na mke kijana na blanketi moja. Ni mtu wa maneno matamu, atakusalimia mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Nguruwe aliwafukuza siku ambazo hakunywa.

Mkewe akajifungua mtoto wa kiume, mtoto akaishi siku chache. Mama mtu alikuwa kitandani, damu haikatiki, hajui mchana wala usiku. Shemeji alikuwa amekwenda sokoni kuuza mkaa, na vilabu vya sokoni vikamweka. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na mama mkwe akanikataza kusogea, lakini kutoka uani kwetu niliona kila kitu. Mama Shoka alichukua jembe lake. Upande wa chini, aliokaa Shemeji, ni majimaji, shimo lingejaa kabla halijafika magotini. Akapanda juu, katikati ya shamba lake, penye udongo mzuri. Akachimba, akamlaza mtoto ndani ya khanga yake mwenyewe, akafukia, akazungushia mawe.

Tangu hapo, kila alipopalilia mahindi alipalilia na pale. Mke wa Shemeji hakuweza kufika. Nilimwona amejaribu mara moja, akaishia kwenye mtaro, akageuka.

Mtoto wangu wa mimba ile alikuwa ameshaota ndevu kamati ya ardhi ilipokuja kugawa hati. Mwenyekiti alikuwa askari jela mstaafu, anatembea na kiti chake cha kukunja na vijana wawili wenye majembe. Alama za miti hazikuwepo, na walioona mwanzo wa bonde wengi walikuwa wamekufa au kuhama. Kwa hiyo akaweka sheria yake: wakigombana wawili, ardhi ni ya mwenye maiti wake ndani yake. "Hakuna anayezika mwanawe kwenye shamba la kuazima," alisema.

Basi wale maskini wa nyuma ya jiko wakawa wa kwanza kupata hati, na waliowabeba wafu wao kwa heshima wakabaki wameshika mikono. Mwezi ule marundo ya mawe yaliota mashambani kama uyoga. Jirani mmoja alimlilia babu yake mbele ya kamati mpaka kamasi zikamtoka. Mwenyekiti akaamuru pafukuliwe, ukatoka mfupa wa shingo na fuvu la mbuzi. "Pole sana," akamwambia. "Mzee alikuwa na pembe?" Yule bwana alinyang'anywa hata sehemu ambayo kweli ilikuwa yake. Kuanzia hapo, kila kaburi alilolitilia shaka lilifukuliwa.

Mabinti wa Mama Shoka walikuwa wameolewa mbali. Shemeji akaomba shamba zima liandikwe kwa jina lake. Alikuja kumwambia mwenyewe, mimi nikiwa pale nimefuata chumvi.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Ni karatasi tu. Jina liwe la mwanamume, halafu tuishi kama zamani."

"Zamani ulikuwa unalinda nguruwe."

"Sasa nguruwe si wamekwisha?" akasema, akacheka, akamwomba na maji ya kunywa. Alipewa.

Mama Shoka alipinga, na siku ya kusikilizwa shauri, kiti cha mwenyekiti kiliwekwa shambani, juu ya maharage yake. Akamwuliza Mama Shoka, "Mumeo amelala wapi?"

"Kwao, ng'ambo ya mlima."

"Basi na kwako ni ng'ambo ya mlima."

Watu wakacheka. Hata waliokula mahindi yake wakati wa njaa walicheka. Niliinua mkono, nikasema nimemwona akilima pale miaka yote.

"Ulimwona akikata mti wa kwanza?"

"Nilikuwa sijaolewa huku, mheshimiwa."

"Basi kaa chini, usituchoshe."

Nikakaa. Mwanangu wa mwisho alinivuta sketi akitaka twende, nikamfinya.

Shemeji akawaongoza kaburini. Alikuwa amelipaka chokaa, mpaka majani ya maharage yaliyolizunguka yalikuwa meupe. Mwenyekiti alifungua kiti chake hapo, akakaa, akagusa jiwe, akanusa kidole. "Chokaa mbichi. Marehemu kafariki jana?"

"Ni mwanangu, mheshimiwa. Wa kwanza."

"Kichwa kiko upande gani?"

Shemeji akatazama huku na huku. "Wa mlima."

Mwenyekiti akamgeukia mkewe. "Na wewe mama, kiko upande gani?"

"Sijui."

"Mtoto wako, hujui?"

"Nilikuwa kitandani."

"Alizikwa na nini?"

Yule mwanamke alitazama mawe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuyaona kwa karibu. Mwenyekiti akawaashiria vijana. "Fukueni. Tumeshazoea mbuzi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona kwamba Mama Shoka ameelewa kabla yangu. Udongo wa bonde hili hula kila kitu. Nguzo ya mti mgumu huoza ndani ya misimu michache. Mtoto wa siku chache, miaka yote ile, wangekuta nini? Wangechimba mpaka kiunoni wasipate hata ukucha. Shemeji angefukuzwa kama yule wa mbuzi, na shamba lingebaki kwa mwenyewe. Jasho lilimtoka Shemeji nyuma ya masikio. Nami pia ni mama, nimezaa wanne, na niliomba moyoni wachimbe haraka.

Jembe la kwanza likang'oa jiwe. Mke wa Shemeji akajitupa pale, kifudifudi, kifua juu ya chokaa. Hakupiga kelele. Kijana mmoja alimshika mkono akamvuta. "Mama, toka, jembe halina macho." Yeye akang'ang'ania mizizi ya maharage, ikang'oka, akashika mingine. Yule kijana wa pili akainua jembe juu, upande ambao mwili wake haukuufunika.

"Acheni," Mama Shoka akasema.

Jembe likabaki hewani.

"Yumo. Nilimzika mimi. Kichwa kiko upande wa mto, si wa mlima. Nilimfunga khanga yangu, ya njano."

Mwenyekiti akakunja mguu juu ya mguu. "Mtoto wa nani?"

"Wa huyu."

"Sema vizuri, karani aandike."

Akasema tena, kwa jina la baba na la mama. Karani akaandika. Mwenyekiti akatangaza kwamba mgomvi mwenyewe amekiri damu ya mwenzake imo ardhini, na yeye hana yake, shauri limekwisha. Akasimama, akakunja kiti. Shemeji akavua kofia, akamwambia mbele ya watu wote, "Asante, shemeji. Siku zote nimesema wewe ni mkweli." Mkewe aliinuliwa akiwa mweupe kifua kizima, akapita karibu na Mama Shoka bila kumtazama. Mpaka leo wakikutana kisimani huweka ndoo chini na kusubiri, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke.

Mama Shoka alipewa muda wa kuvuna maharage. Alipoanza kubeba vitu, Shemeji alikuja kumkumbusha kwamba milango ni sehemu ya nyumba. Nikampa stoo yangu ya nyuma ya jiko. Mume wangu alinung'unika, akisema watu watatuona tunaegemea upande, na hati yetu ilikuwa bado haijatoka. Na mimi niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Mabinti zake walituma salamu.

Siku moja tukipukuchua mahindi nikamwuliza, "Dada, ulijua kwamba wasingekuta kitu?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Alimaliza gunzi lile, akalitupa kwenye kapu. "Jembe lilikuwa juu. Ningepewa nafasi ya kufikiri, ningenyamaza."

Mvua zilipokaribia, Shemeji alitafuta vibarua wa kuchimba mashimo ya mahindi. Mama Shoka akaenda, kwa kuwa huku hakuna shamba jingine linalochukua watu wengi namna ile. Mimi nilikuwa upande wetu wa mpaka. Walichimba kwa mstari, na Shemeji akapita nyuma yao na fimbo, anatania huyu, anamsifu yule. Akasimama nyuma ya Mama Shoka.

"Shemeji, mstari wako umepinda."

Mama Shoka akageuka akautazama. Ulikuwa umenyooka, hata mimi niliuona. Akafukia mashimo yote kwa mguu, moja moja, akarudi mwanzo wa shamba, akaanza upya.